Sahani ya Karibu na Sahani ya Upepo

Siku mama mkwe wangu alipopakua ugali kwenye sahani laini ya mume wangu, aliyepiga kelele ni mimi, siyo mwenye sahani. Nilikuwa nimetoka sokoni Nyasubi, jua la mchana linachoma, ndoo kichwani. Naingia uani nakuta wageni wamekaa mkekani wananawa mikono, na katikati yao ugali wa mtama unafuka moshi, umejaa ndani ya kitu cha njano nilichokijua vizuri kuliko ninavyozijua sahani zangu mwenyewe. Nilisema "Mama yangu!" kwa sauti iliyomfanya jirani achungulie juu ya ukuta. Mama mkwe akanitazama kwa upole kabisa, mwiko bado uko mkononi.

"Sahani zako chache, mkamwana," akasema. "Hii nimeikuta chumbani imekaa bure. Na ni nzuri, ina kina, haimwagi."

Haimwagi! Ningecheka kama nisingekuwa nataka kulia.

Mtu hawezi kuelewa kwa nini mwanamke mzima alilie sahani ya plastiki mpaka nimweleze huo mchezo wenyewe. Nyuma ya shule ya wasichana, njia ya kuelekea Buzwagi, kuna eneo pana la vichuguu na miiba ambalo halilimiki. Mhandisi mmoja mgeni aliyekuwa akifanya kazi mgodini alisimamisha huko vikapu vya chuma juu ya nguzo, na juu ya kila kikapu akaning'iniza minyororo. Unasimama mbali, unarusha sahani, unaifuata ilipoangukia, unarusha tena, mpaka iingie kikapuni. Aliyerusha mara chache ndiye mshindi. Ni hivyo tu. Wenyewe wanauita gofu ya sahani, sisi Nyasubi tunasema mchezo wa sahani na tunaelewana. Mhandisi alipomaliza mkataba wake akarudi kwao, akawaachia shule vikapu vyake na mfuko mzima wa sahani.

Mume wangu wakati huo alikuwa hachezi chochote. Alikuwa mchimbaji, huko machimbo madogo ya Geita, mtu wa kushuka duarani, lile shimo la dhahabu, akiimba. Siku moja duara likashuka juu yao. Wenzake walimfukua kwenye kifusi akiwa hai, namshukuru Mungu mpaka leo, ila bega la kulia lilikuwa limesagika. Hospitali walifanya walichoweza. Mkono ulipona kwa kiasi chake: unashika, unakunja, lakini haupandi kupita kifua. Jembe hawezi kulinyanyua, nyundo hawezi, gunia ndiyo kabisa.

Akarudi nyumbani akakaa kwenye kigoda. Asubuhi anakaa upande wa kivuli, jioni anahamia upande mwingine kivuli kilikohamia. Watu walikuja na soda na pole zao, wanamsemesha kwa sauti ya chini kana kwamba amelala. Pole, pole, pole, hadi nikalichukia neno lenyewe. Alikuwa anajibu "asante" na kutazama miguu yake. Mimi nina mdomo, soko zima linajua, lakini sikuwa na neno la kumwambia mtu anayetazama miguu yake kutwa nzima.

Nilikuwa napeleka mchele pale shuleni. Siku moja nikamwambia, inuka, twende ukanishikie mizani. Alijua kwamba simhitaji kwenye mizani, na mimi nilijua kwamba anajua, lakini aliinuka. Nilipokuwa nabishana na mtunza stoo, maana huyo mama alikuwa haamini kipimo cha mtu yeyote isipokuwa chake, mume wangu akapotea. Nilimkuta nyuma ya madarasa amesimama mbele ya kikapu, ameshika sahani moja aliyoiokota. Hakuinua mkono. Alikunja magoti, akaivuta sahani mpaka kitovuni, kisha akanyanyuka na kuiachia kwa kiwiko na kiganja tu. Minyororo ikalia. Akageuka, nikaona meno yake. Nilikuwa nimesahau kwamba lile jino la pembeni limepanda juu ya mwenzake. Nikalia palepale, nikasingizia vumbi.

Tangu siku hiyo tukawa tunacheza. Mimi nimekulia mashambani, utoto wangu wote nimefukuza ndege kwenye mtama kwa kombeo, kwa hiyo kurusha mbali kwangu si taabu. Sahani bapa za mwendo nikazichukua mimi. Yeye akauinamia ule mfuko, akachambua taratibu, akatoka na tatu kutoka chini kabisa, nene, zenye kina. Wasichana wa shule walikuwa wanamalizia kwa sahani yoyote iliyo mkononi. Nami nikamuuliza: "Zote tatu za nini? Si zote zinaingia kikapu kilekile?"

"Duarani nilikuwa na tindo ngapi?" akaniuliza.

Nilikumbuka. Alikuwa na tindo fupi ya kwenye nyufa, ndefu ya mwamba mgumu, na moja iliyochakaa ambayo hakutaka mtu aiguse, ya sehemu zenye udongo. Zilikuwa zinalala chini ya kitanda chetu akirudi likizo. "Basi," akasema, "na hapa ni hivyohivyo. Kwanza uangalie uko wapi, ndiyo uingize mkono mfukoni."

Ya kwanza ilikuwa ya kijivu, ngumu, nzito, ukiigonga kwa ukucha inalia. Hiyo ni ya upepo. Kiangazi kikikolea huku kwetu upepo unakuja na vumbi lote la mbugani, na ukirusha sahani nyepesi dhidi yake inainua pua, inapanda na kwenda zake kwa jirani. Ile ya kijivu inapita chini, inakaza, mwishoni inainama kushoto kidogo na kuingia. Ya pili ilikuwa nyekundu, kongwe, kingo zimeliwa na mawe, imelegea mwili mzima. Mtu mwingine angeitupa. Mume wangu aliichukua kwa ajili ya umbali: kikapu kikiwa mbali, au upepo ukikusukuma mgongoni, au tawi limeziba njia, ile kongwe anaiachia kwa upole tu, inaelea, haina haraka, inazunguka kuelekea kulia na kujishusha yenyewe.

Ya tatu ndiyo hiyo ya njano. Laini, unaweza kuikunja kama chapati. Hiyo ni ya karibu. Sahani ngumu ukiirusha kwa karibu inagonga minyororo na kuruka nje, lakini ya njano inajikunja kwenye minyororo, inashikwa, inaanguka ndani. Na hata ikikosa, inaanguka puu na kukaa palepale, haibingiriki. Hiyo ndiyo aliyoipenda kuliko zote. Ndiyo aliyokuwa akiifuta kwa shati lake na kuiweka juu ya kabati, peke yake, isikwaruzwe na zile nyingine.

Sijui niseme nini kuhusu kumtazama akichagua. Nimeolewa naye miaka mingi, nimemwona akiwa na hela na akiwa hana, nimemwona akicheza ngoma, lakini sijawahi kumpenda kama ninavyompenda akiwa ameinamia mfuko wake. Anatulia. Anatazama nyasi, anatazama kikapu, halafu ananiambia, "Hebu simama pale mbele kidogo." Mwanzoni nilidhani ananitamani, nikawa nasimama kwa maringo, mkono kiunoni. Kumbe anatazama pindo la khanga yangu linapepea upande gani! Nilimnunia siku nzima. Lakini nilizidi kuvaa khanga nyepesi.

Walimu wakaona anavyowafundisha wasichana, wakampa zile sahani tatu ziwe zake, na kazi ndogo pale shuleni ya kutunza vikapu na kuwanoa wachezaji. Malipo yake siyo ya kutangazia watu, ila anatoka asubuhi na kurudi jioni akiwa amechoka kama wanaume wenzake, na kile kigoda siku hizi wanakalia kuku.

Ndipo mama yake akaja kutoka Mhunze. Alishuka kwenye basi na mfuko wa michembe ya viazi vitamu, karanga, na neno aliloagizwa na ukoo. Niliinama nikamwamkia, "Mwangaluka, mayu," akaitikia vizuri, akala, akalala, na asubuhi akamwita mwanawe wakae chini. Alizungumza Kisukuma, maana Kiswahili chake amekiweka kwa ajili ya madaktari na makondakta. Kaka za mume wangu wamejenga nyumba ya vyumba viwili pale nyumbani, alisema, imeshaezekwa. Kuna watoto wa kumchotea maji. Hatafanya kazi yoyote, atakaa apumzike.

"Mjini unalishwa na mke," akamwambia, "halafu unashinda unarusha sahani na watoto wa shule. Watu wanakucheka, mwanangu. Wanakucheka na wewe hujui. Jumatatu tunaondoka."

Nilikuwa najifanya napembua mchele. Mimi biashara yangu iko Nyasubi, watoto shule yao iko Nyasubi. Yeye kwenda Mhunze maana yake ni kutengana, hata kama hakuna aliyelitaja neno hilo pale. Na nilimwona akilini mwangu, kwenye kigoda kingine, anahama na kivuli. Nilitamani kumjibu yule mama maneno ambayo angeyasimulia mpaka kwa wajukuu. Lakini mama mkwe ni mama mkwe. Nikang'ata ulimi.

Mume wangu akasema, "Mama, Jumapili baada ya ibada nina mchezo. Njoo utazame. Ukishaona, ukisema twende, nitabeba begi langu tuondoke."

Tulipobaki wawili nilimgeukia kama mbogo. "Mbona neno la mwisho umemwachia yeye?"

"Kwa sababu ni mama."

"Na mimi ni nani?"

"Wewe ni wa kurusha mbali," akasema, akacheka. Sikucheka. Ila nilijua hatabadilisha, kwa sababu akiahidi kitu anakiahidi kweli, na mama yake anamjua hivyo hivyo.

Basi, Jumamosi ndiyo siku ya ugali. Watu wa Mhunze wanaoishi mjini walikuwa wamesikia kwamba mama amekuja, wakaja kumsalimia, na kwao mgeni hasalimiwi akaondoka na njaa. Mama mkwe akasonga ugali mkubwa, akatafuta chombo kinachoutosha, akaona cha njano juu ya kabati. Akaugeuza humo ukiwa unatoka motoni, akauviringa kwa kibuyu kilicholowa maji hadi ukang'ara. Hakuna mwanamke yeyote wa kwao ambaye asingefanya vile. Kitu cha duara, kina kingo, kimefutwa kikang'aa na kuwekwa juu peke yake! Hata mimi ningedhani ni sahani ya wageni.

Wageni wakala wakashiba, wakasema wabeja, asante ya kwao, wakaondoka. Sahani ikaoshwa. Upande mmoja ulikuwa umelala chini kama ukingo wa kofia iliyokaliwa. Mume wangu aliporudi nilimpokea mlangoni na habari yote, nimefura, nimekusanya maneno ya wiki nzima. Aliichukua, akaitazama kwa ubavu, jicho moja amefumba. Mama yake alikuwa amesimama nyuma yetu anajifuta mikono.

"Kwani nimeharibu?" akauliza. Ilikuwa mara ya kwanza nimsikie sauti ile ndogo.

"Hapana, mama. Imepata joto tu. Hebu nichemshie maji."

Maji yakaja. Akaitumbukiza sahani kwenye beseni mpaka ikalegea, akaipapasa kwa vidole akiinyoosha, akailaza kwenye sakafu ya saruji, akaniambia nilete gunia la mchele. Nikalibwaga juu yake. Jioni nzima mama mkwe alikaa anatazama lile gunia. Mimi nami hasira ikaanza kunitoka, nikampelekea chai.

Asubuhi tulipoliondoa gunia sahani ilikuwa imenyooka, karibu yote. Kulibaki kaupande kamelegea. Mume wangu aliirusha uani, ikaenda inayumba. Akairusha tena. Inayumba. "Haya," akasema, "imekuwa na mwendo mwingine. Nitauzoea." Akairudisha mfukoni pamoja na mbili zile. Mimi ningeiacha nyumbani, tena ningeitupa jalalani.

Tulicheza na mtu na mkewe waliotoka Mwanza, wacheshi, wana adabu, na sahani zao nyingi migongoni kwenye mabegi maalumu. Mchezo wa wawili wawili uko hivi: mnarusha wote, mnachagua sahani iliyoangukia pazuri, mnaendelea wote kutoka hapo. Mimi nikitangulia, ya kwangu ikikosa, yeye anamalizia. Wasichana wa shule walijaa pembeni, na mbele yao mama mkwe kwenye kigoda chake. Ndiyo, kigoda kilekile. Alikibeba mwenyewe kutoka nyumbani.

Kikapu kimoja cha mwanzoni kiko uwazini, na upepo ulikuwa unatupiga usoni. Nikasimama mbele na khanga yangu. Mume wangu akatazama, akaingiza mkono mfukoni. Hapo nikasikia sauti ya mama mkwe, kwa Kisukuma, wazi kabisa: "Mbona ameiacha ile yangu?"

Ile yake! Msichana aliyekaa karibu naye akamjibu kwa heshima zote, "Bibi, ile ni ya karibu. Hapa kuna upepo." Ile ya kijivu ikatoka, ikapita chini kwa chini, ikapiga minyororo. Mama mkwe aliinuka na kigoda chake, akatufuata kikapu kinachofuata, na kile kingine, kila mahali akikitua mbele ya watu wote.

Kuna kikapu kimoja kimejificha nyuma ya mgunga. Palikuwa mbali, na tawi katikati. Mume wangu akatoa ile kongwe, akaiachia kushoto kabisa, mahali ambapo hapana kikapu. "Amekosa!" mama mkwe akasema, akasimama kwa uchungu. Sahani ikaelea, ikapita pembeni ya tawi, ikaanza kugeuka kulia taratibu, inashuka, inashuka, ikaingia. Mama mkwe akakaa chini bila kutazama kigoda kiko wapi, nusura aanguke. Yule bwana wa Mwanza akamfuata mume wangu na kumwomba aishike ile sahani, akaigeuzageuza kama anayenunua. Nilitaka kupasuka kwa fahari. Nikawaambia wasichana, "Mmeona? Huyo ni wangu," wakacheka hadi mwalimu akawanyamazisha.

Lakini watu wa Mwanza wanajua mchezo, siwezi kuwasingizia. Kikapu cha mwisho kimesimamishwa juu ya kichuguu kikubwa, kirefu kuliko mtu, na ukikosa sahani inabingirika mpaka kwenye mtaro. Walifika pale wakiwa mbele yetu, na wakamaliza vizuri. Kwa hesabu yoyote ile tulikuwa tumeshindwa. Hata kama tungetia kwa mrusho mmoja, tumeshindwa. Mimi nikarusha kwa hasira, ikagonga ukingo, ikashuka kichuguu chote mbiombio, ikazama mtaroni. Nikatamka neno ambalo siliandiki. Wale wageni wakaanza kutoa mikono ya kuagana.

"Subirini," mume wangu akasema. "Sijamaliza."

Wale wasichana wote, ambao hata mkuu wao wa shule hawanyamazii, walikaa kimya. Akainamia mfuko. Nikamsogelea, nikamnong'oneza, "Chukua ngumu. Hiyo imepinda, baba."

"Hapa ni karibu," akanijibu.

Akatoa ya njano. Nilimtazama mama mkwe. Alikuwa ameshika pindo la khanga yake kwa mikono miwili, ameibana midomo. Mchezo ulikuwa umeisha na kila mtu alijua, lakini kwangu mimi ulikuwa bado, na kwake, na kwa mama yake. Mume wangu akaizungusha sahani kiganjani akitafuta ule upande uliolegea, akauweka alipoutaka, akakunja magoti. Ilitoka inayumba kama mtu aliyetoka kilabuni. Nikafumba macho, sifichi, nikafumba. Nikasikia minyororo, halafu nikasikia wasichana.

Mama mkwe hakupiga makofi wala kigelegele. Aliinuka, akakamata khanga yake, akapanda kichuguu kwa miguu yake mwenyewe, na hakuna aliyethubutu kumsaidia. Akaingiza mkono kikapuni, akaitoa sahani, akaipangusa vumbi. Akashuka, akampa mwanawe kwa mikono miwili, namna tunavyompa mtu tunayemheshimu. Kisha akasema amechoka, anataka kwenda kulala.

Njia nzima hakuligusa neno la safari, na jioni hakuligusa. Sikulala vizuri, ninakiri. Jumatatu asubuhi mume wangu akatoka na begi lake limefungwa. Sikumwuliza. Nilipanga nisilie stendi mbele ya wapiga debe, nikajikaza. Tulifika, basi la Shinyanga liko pale linanguruma, mama mkwe akageuka akaona begi.

"Hilo la nini?"

"Tulikubaliana, mama."

"Tulikubaliana nikisema twende," akasema. "Nimesema?" Akamtazama toka juu mpaka chini. "Nilitumwa nije nimchukue mgonjwa. Nimemtafuta tangu jana sijamwona. Nitawaambia kaka zako wafugie mbuzi kwenye ile nyumba." Halafu akanigeukia mimi, akanishika kidevu kama mtoto mdogo, akaniambia ninanenepa. Ni sifa, kwao. Nililia, na wapiga debe wakatazama, potelea mbali.

Akaweka mguu kwenye ngazi ya basi, akasita. "Nipe ile sahani yangu," akamwambia mwanawe.

Nilitaka kusema kitu. Mume wangu alikuwa ameshafungua begi. Akaitoa ile ya njano, aliyoipenda kuliko zote, akaifuta kwa shati lake, akampa mama yake. Basi likaondoka.

Hatujapata nyingine laini kama ile. Kwa karibu anatumia ya kijivu siku hizi, inagonga na kuruka, na mimi ndiye ninayeshuka vichuguu kuifuata mitaroni huku nalalamika. Yeye anacheka, lile jino la pembeni linaonekana, na mimi naendelea kulalamika ili acheke tena.

Baada ya mavuno tulienda Mhunze na watoto. Mbuzi wamo kweli kwenye ile nyumba. Ugali ukaletwa kwenye bakuli la bati, na wageni walikuwa wengi kuliko vyombo, majirani wamejazana kumwona mwana aliyetoka kwenye kifusi. Sahani ya njano ilikuwa ukutani, imetundikwa kwa msumari kando ya picha ya marehemu baba mkwe, imefutwa inang'aa. Jirani mmoja akaona chombo kile kimekaa bure, akanyanyua mkono akishushe apakulie mboga. Mama mkwe akamrukia.

"Acha hiyo," akamwambia. "Hiyo ni ya karibu. Ya upepo anayo mwanangu."